Maswali ya bwawa la chumvi: usimwage kiroba kingine kabla hujapima

Masika imepita na maswali yamerundikana, wengi mna bwawa la kuogelea nyumbani lenye ule mtambo wa kutengeneza klorini kwa chumvi na karibu kila mtu boksi lake linalalamikia kitu. Yaliyofanana nimeyaunganisha, majina nimeyatoa. Kwa anayesoma safu hii mara ya kwanza, mtambo una vitu viwili tu: boksi la kontroli ukutani, na seli, yaani lile bomba lenye bamba za titaniamu ndani ambalo linakaa mwisho kabisa, maji yakishatoka kwenye filta. Maji yenye chumvi kidogo yakipita kwenye bamba zenye umeme inatoka klorini, na klorini ikishamaliza kazi inarudi kuwa chumvi. Kwahiyo anayekwambia bwawa la chumvi halina klorini anakudanganya, klorini ipo ile ile, tofauti unaitengeneza mwenyewe hapo hapo.

SWALI: Hujambo kijana wangu. Nipo Kigamboni, bwawa langu ni mita 8 kwa 4, kina chake ukipiga wastani ni mita moja na nusu. Mtambo tulifunga mwaka juzi, fundi akaweka viroba vitatu vya chumvi vya kilo 50 na ukafanya kazi vizuri tu. Tangu mwaka huu uanze boksi linawasha taa ya chumvi ndogo, nikimpigia anakuja anamwaga kiroba, taa inazima siku mbili tatu inarudi tena. Ameshamwaga vitatu vingine, taa bado inawaka, na sasa wajukuu wanasema maji yana chumvi kama ya baharini na macho yanawauma. Juzi kaniambia tununue seli mpya na bei aliyonitajia imenitoa jasho. Nifanyeje? (Mzee wa Kigamboni)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Tuanze na hesabu. 8 kwa 4 kwa 1.5 ni mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Kilo moja ya chumvi kwenye mita moja ya ujazo inapandisha ppm 1,000 (ppm ni sehemu ngapi ndani ya sehemu milioni za maji). Viroba vitatu vya mwanzo ni kilo 150, gawanya kwa 48 unapata kama ppm 3,100, na mitambo mingi ya nyumbani inataka kati ya 3,000 na 4,000 (angalia kitabu cha mtambo wako maana ipo inayotaka zaidi), kwahiyo pale mwanzo fundi alipiga sawa kabisa. Sasa hivi zimeingia kilo 300, hiyo ni 6,250. Hata tukisema mvua na bakwoshi (kule kuosha filta kwa kupitisha maji kinyume na kuyamwaga) zimepunguza kidogo bado uko juu sana, na ndio maana wajukuu wanaionja, ulimi wa watu wengi unaanza kusikia chumvi kwenye 3,500 hivi. Baharini kwenyewe ni karibu 35,000 kwahiyo hamjafika huko, ila mnaelekea.

Sasa kwanini taa inawaka na chumvi imejaa? Kwasababu boksi halionji chumvi mzee. Linachofanya ni kupima umeme unaopita kati ya bamba na bamba ndani ya seli, alafu linakisia. Umeme ukipita kidogo linasema chumvi ndogo, basi, halijui sababu nyingine. Na bamba zikishika ule ukoko mweupe, ule ule unaouona ndani ya birika la chai, umeme unapita kwa shida hata kama chumvi ipo ya kutosha. Fundi akimwaga kiroba maji yanapitisha umeme vizuri zaidi, taa inazima, ukoko unazidi kunenepa, taa inarudi. Huo mchezo wa siku mbili tatu ulioueleza ndio dalili yenyewe.

Kwahiyo kabla ya kununua seli, fungueni hiyo iliyopo. Zima umeme wa pampu na wa boksi kwenye breka kabisa sio kwenye swichi tu, funga valvu, legeza zile nati kubwa mbili za plastiki kwa mkono, toa seli uitazame kwa kuilekeza kwenye mwanga. Bamba nzima zina rangi ya kijivu cheusi na katikati yake unaona mwanga unapita safi. Zenye ukoko utaona vipande vyeupe vimeziba nafasi, wakati mwingine vimeunganisha bamba mbili kabisa. Usikwangue kwa bisibisi wala waya! Juu ya hiyo titaniamu kuna rangi nyembamba sana ya madini ya bei ghali, rutheniamu au iridiamu, hiyo ndio inafanya kazi, ukiikwangua seli umeiua mwenyewe.

Inaoshwa hivi. Vaa glavu na miwani, kaeni nje penye hewa. Chukua ndoo ya plastiki weka maji KWANZA alafu ndio umimine asidi ya haidrokloriki, kikombe kimoja cha asidi kwa vikombe kumi vya maji, ukoko ukiwa mgumu sana unaweza kwenda mpaka kimoja kwa vitano. Kamwe usianze na asidi ukamwagia maji juu yake, inachemka inakurukia usoni. Ziba upande mmoja wa seli, isimamishe, mimina huo mchanganyiko ndani bila kulowesha ile sehemu ya waya, utasikia inatoa povu na sauti ya kuchemka. Povu likikata kazi imeisha, isizidi dakika 15. Suuza kwa maji mengi, rudisha. Ila msifanye kila wiki kwa kujifurahisha maana kila mkiosha kwa asidi na ile rangi nayo inapungua kidogo, fungueni muangalie kila miezi mitatu hivi na muoshe pale tu ukoko unapoonekana.

Baada ya hapo pimeni chumvi kwa kitu kingine kisichokuwa boksi, vile vijikaratasi vya kupimia chumvi au kimita cha mkononi, duka la vifaa vya mabwawa wanavyo. Seli ikiwa safi, chumvi iko sawa, maji sio ya baridi, na bado umeme haupiti, hapo ndio tuanze kuzungumza habari ya seli mpya. Kwa kawaida inadumu miaka 3 mpaka 7 kutegemea na masaa inayofanya kazi na pH ya maji (kipimo cha ukali wa asidi), ya kwako ya mwaka juzi nisingeizika mapema hivyo.

Chumvi iliyozidi haina dawa ya kuitoa, ni kumwaga maji na kujaza mengine. Kama kipimo kitasoma 6,250 kweli na unataka kushuka 3,500 unabadilisha kama asilimia 44, ni lita 21,000 hivi, malori mawili ya maji na kidogo. Lakini mambo mawili. Kwanza kama unajaza kwa kisima cha hapo hapo pima maji ya kisima kabla, visima vingi vya karibu na bahari vyenyewe vina chumvi, unaweza ukamwaga chumvi ukaingiza chumvi. Pili usilikaushe bwawa lote kwa pamoja, hasa huu msimu ambao maji ya ardhini yako juu, bwawa tupu linaweza kusukumwa na maji ya chini likapasuka au likanyanyuka. Mwaga kidogo jaza kidogo.

Na macho, mzee, sio chumvi. Machozi yenyewe yana chumvi kuliko bwawa lako. Macho yakiuma pima pH kwanza, inatakiwa iwe kati ya 7.2 na 7.6, alafu angalia ile klorini iliyochoka, iliyokwisha kushikana na jasho na mikojo, hiyo ndio inawasha na kunuka.

SWALI: Salaam aleikum fundi, niko Nyali Mombasa. Kijana anayesafisha pool yetu alifanya bakwoshi Jumamosi, tangu hapo mashine imeandika hakuna maji yanayopita na imekataa kuwaka, lakini pampu nasikia inanguruma kama kawaida. Fundi mmoja ameniambia atakata waya za sensa aziunganishe moja kwa moja, eti ni kazi ya dakika tano. Nimkubalie?

JIBU: Waaleikum salaam dada. Usimkubalie! Hiyo sensa inamuambia boksi kama maji yanapita au la, na iko pale kwa sababu ya usalama. Seli ikifanya kazi haitoi klorini peke yake, inatoa na gesi ya haidrojeni, maji yakipita inasombwa inatoka bwawani huna habari nayo. Maji yakisimama na umeme unaendelea, gesi inajikusanya ndani ya bomba lililofungwa, na haidrojeni inalipuka. Kuna seli zimepasuka kwa namna hiyo. Kazi ya dakika tano kweli, ila sio kwenye nyumba yenye watoto.

Kwa kuwa imeanza baada ya bakwoshi mimi ningeenda moja kwa moja kwenye mkono wa valvu ya filta. Vijana wengi wakimaliza wanausahau kwenye bakwoshi au kwenye kumwaga, pampu inanguruma vizuri tu na maji yako yanaenda zake kwenye mtaro, seli inabaki kavu. Angalia pia kina cha bwawa, kama bakwoshi ilikuwa ndefu maji yameshuka chini ya mdomo wa skima, lile tundu la ukutani linalovuta maji ya juu, na pampu inavuta hewa, utaona mapovu kwenye kile kifuniko cha kioo cha kikapu cha pampu. Kama mkono uko sawa na maji yako juu, fungua kikapu utoe majani, angalia mpira wa kifuniko kama haujapasuka. Mwisho kabisa ndio hiyo sensa yenyewe, ichomoe uiangalie, mara nyingi ni kijiti au unywele umeshika kile kikofi chake kisicheze. Na ukiirudisha, mshale uliochorwa juu yake uelekee maji yanakokwenda. Nimeona zilizofungwa kinyumenyume tangu siku ya kwanza.

SWALI: Fundi sasa, mimi niko Nairobi. Asubuhi za Julai mashine inazima yenyewe na kuonyesha alama ya baridi, saa nane mchana inarudi sawa. Imeharibika?

JIBU: Haijaharibika. Maji baridi yanapitisha umeme kwa shida na mitambo mingi imepangwa kupunguza kazi au kuzima kabisa yakikaribia nyuzi 15, inalinda bamba. Baridi hiyo hiyo inafanya ule ukijani wa maji usiote haraka na klorini ikae zaidi, kwahiyo huna hasara. Hamisha taima ya pampu ianze kama saa tano asubuhi. Na taa ya chumvi ndogo ikiwaka msimu huu tu, usiongeze chumvi, ikipata joto itajizima.

SWALI: Assalaam alaykum ndugu, nakuandikia kutoka Maskati. Kiangazi huku maji ya bwawa yanapungua karibu sentimita moja kila siku kwa joto, najaza kwa mpira wa bomba. Je kila nikijaza niongeze na chumvi kidogo?

JIBU: Waalaykum salaam. Hapana. Maji yanayokauka yanaondoka peke yake, chumvi inabaki bwawani, ukijaza maji ya bomba unairudisha pale pale ilipokuwa. Ukiongeza kila mara baada ya miezi kadhaa utakuwa kama mzee wetu wa Kigamboni hapo juu. Chumvi inaondoka kwa bakwoshi, kwa watoto kurusha maji, kwa mvua kubwa inayofurisha, na kwa kuvuja. Ukiona umeongeza maji tu na chumvi kwenye kipimo inashuka shuka, bwawa linavuja, na jua umelisingizia bure. Jaribu na ndoo: ijaze maji ya bwawa, iweke juu ya ngazi ndani ya maji, weka alama ya kina ndani ya ndoo na nje yake, pampu ikiwa imezimwa. Kesho yake kama bwawa limeshuka kuliko ndoo, tafuta fundi wa mivujo.

SWALI: Habari fundi, nipo Mbezi Beach. Bwawa langu ni kama lita 90,000. Mtambo nimeuweka asilimia 100, taa zote kijani, chumvi nimepima 3,400, lakini kila nikipima klorini inasoma sifuri na maji yameanza kuwa ya kijani. Kwenye kibao imeandikwa gramu 15 kwa saa. Pampu inawaka masaa sita kwa siku kwasababu ya bei ya umeme, na kuna siku nikiweka kile kidonge kwenye maji ya kupimia kinatoa rangi ya waridi sekunde moja alafu inapotea. Nimechanganyikiwa.

JIBU: Swali zuri sana, na umenipa namba, wengi hawatoi. Gramu 15 kwa masaa 6 ni gramu 90. Kwenye mita za ujazo 90 hiyo ni ppm moja kwa siku, hata kama kila kitu kinafanya kazi vizuri. Bwawa la wazi kwenye jua la Dar linaweza kula mbili mpaka nne kwa siku. Umemuajiri mtu mmoja kazi ya watu watatu, hizo taa za kijani hazisemi uongo, mtambo mzima kabisa ila mdogo, na anapewa masaa machache. Huyo aliyekuuzia angepaswa kukwambia.

Masaa ya pampu peke yake hayatoshi kama huna stabilaiza ya klorini, ile asidi ya sayanuriki. Msomaji mmoja aliwahi kwenda kuulizia stabilaiza akauziwa ya friji, sasa mnaelewa kwanini naandika jina refu. Hii inaishika klorini isiliwe na jua. Bila hiyo, jua kali la mchana linamaliza sehemu kubwa ya klorini ndani ya masaa mawili tu, yaani seli inatengeneza na jua linakula hapo hapo, usiku ndio unapata kidogo. Ilikuwepo pengine mwanzo, lakini masika imefurisha bwawa mara ngapi? Imeondoka na maji, maana kama chumvi, haikauki na jua, inasombwa na maji. Chumvi umeirudisha kwa kuwa boksi limekukumbusha, na hii boksi haliijui kabisa haliwezi kukukumbusha. Kwa mabwawa ya mtambo wa chumvi watengenezaji wengi wanataka iwe 60 mpaka 80 ppm. Pima kwanza uone una ngapi. Ukikuta sifuri na unataka ifike 60, kwa bwawa lako ni kilo 5.4, iweke ndani ya soksi uining'inize mbele ya tundu maji yanakorudia, inayeyuka polepole sana, usishangae kipimo kisibadilike kwa siku kadhaa. Usizidishe, ikipita 100 klorini inakuwa mvivu na dawa yake ni ile ile ya kumwaga maji.

Ukijani wa sasa mtambo hautauondoa peke yake, hata ukiuacha siku nzima. Tafuta klorini ya maji au ya unga, upige kwa mkono jioni jua likishatua, pampu ikae usiku kucha, sugua kuta, osha filta. Maji yakishang'aa ndio uukabidhi mtambo kazi ya kuyatunza, na uongeze masaa mpaka kumi au kumi na mbili. Najua LUKU inakula lakini kusafisha bwawa la kijani kila mwezi nako si bure.

Hiyo ya waridi kutokea sekunde moja na kupotea, hapo subiri. Vidonge vya aina hiyo, wanaviita DPD, vina tabia moja mbaya: klorini ikiwa nyingi SANA inaiunguza rangi yenyewe, unaona maji meupe unadhani hamna kitu. Kwa ukijani ulionao siamini kila siku ni hivyo, ila je kuna siku mtu wa bustani aliongeza klorini ya unga bila kukwambia na wewe ukapima baada yake? Ikitokea tena chukua nusu ya maji ya bwawa na nusu maji ya kunywa ya chupa, pima, alafu zidisha mara mbili. Bado inapotea, punguza tena, sehemu moja kwa nne. Rangi ikibaki, basi usiwaruhusu watu kuingia mpaka ishuke.

SWALI: Fundi assalaam alaykum, tuna nyumba ya wageni Jambiani, Unguja. Vipande vyeupe vyembamba vinatoka kwenye matundu maji yanakorudia, vinatanda chini kama magamba, wageni wanauliza ni nini. Seli naisafisha mara kwa mara na ikimaliza wiki tatu imeziba tena. Maji ya kujazia ni ya kisima. Na jee, mawe ya matumbawe tuliyozungushia bwawa yameanza kumeguka, ni chumvi?

JIBU: Waalaykum salaam. Hayo magamba ni chokaa. Visima vya upande wenu vinachimbwa kwenye mwamba wa matumbawe na matumbawe ni chokaa tupu, maji yanatoka ardhini yameshashiba. Seli ya kisasa inageuza umeme kila baada ya masaa kadhaa ili ukoko ubanduke wenyewe, hivyo vipande ndio ukoko uliobanduka. Mtambo unajitahidi ila maji yanaushinda. Ukitaka uhakika weka kipande kwenye siki, kikichemka povu ni chokaa.

Unapoosha seli bila kurekebisha maji yenyewe unafanya kazi ile ile kila mwezi. Kinachoangusha chokaa kwenye bamba ni pH, na mtambo wa chumvi unapandisha pH wenyewe kwasababu vile vipovu vya haidrojeni vinaifukuza kaboni dayoksaidi iliyomo kwenye maji. Pima, sitashangaa ukikuta 8.2 au zaidi. Ishushe mpaka 7.4 kwa asidi, kidogo kidogo, pampu ikiwa inawaka, mbele ya tundu la maji yanayorudi, na upime tena baada ya masaa manne. Wageni wasiwepo majini. Alkaliniti nayo, yaani nguvu ya maji ya kupinga asidi, iache ishuke kwenye ppm 60 mpaka 80, ikiwa juu pH itakuwa inapanda kila siku unaisukuma chini. Kama mna maporomoko ya maji ya mapambo yanayochuruzika masaa yote, punguzeni masaa yake, yale nayo yanapandisha pH, mazuri kwa picha tu.

Alafu maji ya mvua! Huko mvua ipo na mapaa yapo, maji ya mvua hayana chokaa, kusanyeni kwenye tangi mjazie bwawa nayo walau nusu kwa nusu na ya kisima. Hiyo ndio dawa ya kudumu, asidi ni ya kutuliza. Chumvi mnayoongeza nayo iangalieni, ile ya mashambani ghafi yenye rangi ya udongo ni rahisi lakini inakuja na kalisiamu, magineziamu na matope yake, tafuteni iliyosafishwa.

Mawe, ndio, chumvi ina mkono wake. Maji yanaruka, yanaingia kwenye vitundu vya jiwe, jua linakausha, chumvi inaganda ndani inalipasua kidogo kidogo. Suuzeni kingo kwa maji yasiyo na chumvi jioni wageni wakishatoka na mpake dawa ya kuziba vitundu vya mawe kila mwaka. Anayejenga sasa hivi aweke jiwe gumu au vigae, asikubali matumbawe wala jiwe la mchanga kwenye ukingo wa bwawa la chumvi.

SWALI: Habari za kazi fundi. Umeme ukikatika huku kwetu Tanga ukirudi unarudi na nguvu, boksi limeungua fyuzi na fundi ameweka fyuzi kubwa zaidi ili isikatike tena. Pia nimegundua boksi linawaka hata pampu ikiwa imezima. Halafu huyo fundi jana alichanganya asidi kwenye ndoo aliyokuwa na klorini ya unga, ukatoka moshi wa kijani akakohoa sana, ni kawaida?

JIBU: Nianze na ya mwisho. Si kawaida, ni gesi ya klorini, inaua. Asidi na klorini havikutani, wala ndoo moja, wala kijiko kimoja, wala rafu moja stoo. Ikitokea tena watu wote waondoke wasimame upande upepo unakotokea, ndoo iachwe, asirudi kuichukua. Na huyo aliyekohoa, akiwa bado anabanwa na kifua mpelekeni hospitali leo hii, kuna madhara ya mapafu yanakuja masaa kadhaa baadaye.

Fyuzi kubwa itolewe leo leo. Fyuzi inakatika ili transfoma isiungue, ukiweka kubwa kitakachoungua ni transfoma, au nyumba. Rudisha saizi iliyoandikwa kwenye kitabu, na kwa umeme wa kuruka ruka weka kile kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha umeme dakika chache baada ya kurudi, kiwe cha saizi inayobeba boksi na pampu.

Boksi kuwaka pampu ikiwa imezima ndio ile hatari ya haidrojeni niliyomwambia dada wa Nyali. Mara nyingi inatokea hivi: umeme ukikatika saa ya taima ya pampu inasimama, ya boksi ina betri inaendelea, baada ya wiki mbili moja iko mbele masaa mengi ya nyenzake. Sensa ikiwa nzima ingelizuia, kwahiyo kwako sensa nayo ina matatizo au kuna mtu ameshaiunganisha waya. Fundi umeme mwenye leseni alifunge boksi lichukue umeme kutoka kwenye waya ule ule wa pampu baada ya taima, pampu ikizima na boksi linakufa, akague na waya wa ardhini pamoja na ile breka inayokata umeme unapovuja. Mpaka amalize, zima boksi kwenye breka, pampu iendelee kuzungusha maji, na klorini weka kwa mkono.